Tundu la Chaji Kwanza, Gigabaiti Baadaye

Mtu akiingia duka la simu Mtwara mjini, swali la kwanza ni gigabaiti ngapi, la pili kamera, la tatu betri inakaa na chaji siku ngapi. Kwenye magari ni yale yale: injini ya cc ngapi, lita moja inakwenda kilomita ngapi, bei ya mwisho shilingi ngapi. Hakuna anayeinama kutazama tundu la chaji, wala anayeuliza waya wa ethi wa injini, ule unaoiunganisha na hasi ya betri, umefungwa wapi. Pesa inapotelea hapo hapo. Katika ukanda huu wetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, ni nadra kifaa kufa ubongo. Hufa kwenye maungio, pale chuma kinapogusana na chuma: tundu, plagi, soketi, kichwa cha betri, bolti ya ethi. Simu iliyohukumiwa "bodi imekufa" mara nyingi bodi yake ni nzima. Kilichokwisha ni mguso mmoja mwembamba kama uzi.

Mshitakiwa wa kwanza ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mawimbi yakipasuka ufukweni Shangani, hapa Mtwara, matone madogo hurushwa hewani, hukauka, na upepo hubeba chembe zake mpaka ndani ya nyumba. Zikiwa kavu hazina neno. Tatizo ni tabia moja ya chumvi ya kawaida: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni huloa bila mtu kukimwagia maji. Usiku wa pwani hupita kiwango hicho kirahisi, mchana hushuka. Kwa hiyo kompyuta iliyokaa karibu na dirisha inaogeshwa maji ya chumvi usiku na kuanikwa mchana, mwaka mzima. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na pale penye volti 5 ubavuni mwa penye sifuri, shaba huanza kuliwa upande mmoja. Ule ukijani unaouona ndani ya tundu la simu ndiyo hiyo shaba.

Tundu lenyewe, ambalo mafundi wetu huliita sistimu chaji, huharakishiwa kifo kwa kuchomekwa waya likiwa bado na unyevu. Simu imetoka kwenye mfuko wenye jasho, au imepigwa manyunyu juu ya bodaboda kutoka Mikindani, na mtu anafika nyumbani moja kwa moja kwenye chaji. Bila umeme, unyevu ule ungekauka bila madhara makubwa. Ukiongezewa umeme, unakula mguso kwa muda mfupi. Simu nyingi za siku hizi hutoa onyo la unyevu tunduni. Wapo wanaozima simu ili onyo liondoke, kisha wanachaji. Onyo limeondoka kweli. Maji yapo.

Na si kila tundu linalolegea limekufa. Waya ukiingia na kubakiza kama milimita moja nje, au simu ikichaji kwa kushikiliwa upande, ndani huwa kuna pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa miezi kwa miezi. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kipitishe taratibu pembeni hadi ukuta wa nyuma wa tundu bila kukwaruza ule ulimi wa katikati, vuta pamba nje, jaribu tena. Sindano na pini ya hereni ziache: zinakwangua mguso na zinaweza kuunganisha pini mbili kwa pamoja. Fundi anayetaka kubadilisha sistimu chaji kabla hajamulika tochi ndani ni wa kuagwa kwa heshima.

Waya nao utazame. Ile mingine ina maandishi madogo ubavuni, 28/24 au 28/28. Namba ya kwanza ni unene wa nyaya za data, ya pili ni za umeme, na namba ndogo maana yake waya mnene. Wa 24 huchaji kwa nguvu. Wa 28 ukiwa na urefu wa mita mbili hupoteza volti njiani, na lawama inaiendea betri.

Sasa kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na hufanywa hata na mafundi wazuri: simu iliyotumbukia baharini. Inafunguliwa, inasuguliwa kwa spiriti, inakaushwa, inawaka, watu wanashangilia. Wiki chache baadaye imekufa moja kwa moja. Sababu yake ni ya darasani. Chumvi karibu haiyeyuki kabisa kwenye spiriti safi. Huyeyuka kwenye maji. Spiriti imefukuza maji na kuiacha chumvi imelala pale pale, ikisubiri unyevu wa usiku. Mpangilio sahihi ni maji kwanza, spiriti baadaye.

Kwa hatua: simu izimwe, wala isiwashwe "kuona kama bado ipo". Isiguswe na chaja. Laini itolewe, na simu ifunguliwe siku hiyo hiyo. Betri ikishatoka, bodi ioshwe kwa maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea kwenye betri za magari (soma chupa, maana ya asidi hukaa rafu moja nayo). Tumia mswaki laini, rudia mara mbili au tatu, na usisahau chini ya vile vifuniko vya bati vinavyofunika chipu, ndiko chumvi inakojificha. Hapo ndipo spiriti ya isopropili ya asilimia 99 inapoingia, kazi yake ikiwa kufukuza maji. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno kwa kukaushia. Kisha mbele ya feni saa 24, si juani na si kando ya jiko. Mchele uache sufuriani: hauondoi chumvi, na unga wake unaingia tunduni.

Ukipanda juu, Newala, Tandahimba na Nanyamba, chumvi inapungua na anakuja mshitakiwa wa pili: salfa. Kuanzia Juni hivi hadi Agosti, mikorosho inapotoa machipukizi na maua, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Kwa mkorosho ni dawa. Kwa vifaa vya umeme ni sumu, na ajabu ni kwamba haizungumzwi sana hata na wauzaji wa sola wanaouza inveta katika vijiji hivyo hivyo.

Salfa huiweka fedha na shaba rangi nyeusi. Anayevaa pete ya fedha amewahi kuona. Sasa ndani ya bodi, vile virezista (vipande vya kubana umeme) vidogo kama chembe ya mchanga vina tabaka jembamba la fedha kwenye ncha zake, chini ya kifuniko cha nikeli na bati. Salfa hupenya kwenye upenyo kati ya kifuniko na mwili, hugeuza fedha kuwa salfaidi ya fedha, na tabaka likishaliwa lote umeme haupiti tena. Kirezista kinaonekana kizima kwa macho; ukikipima kwa mita ya fundi, hakisomi kitu. Fundi asiyejua hili atabadilisha chipu tatu kabla ya kukigusa. Viwanda vinavyotengeneza vifaa vya magari na migodi hutumia virezista maalumu vinavyostahimili salfa. Chaja ya sola ya bei nafuu haina.

Kinga yake haigharimu kitu. Inveta, kontrola ya sola na chaja zisikae chumba kimoja na mifuko ya salfa, hata kama mifuko imefungwa, wala na mashine ya kupulizia, kwa sababu mashine hurudi kutoka shamba imejaa unga. Siku ya kupuliza, simu ibaki nyumbani au iingie mfuko wa plastiki wenye zipu. Kontrola yenye matundu ya hewa juu igeuzwe au ifunikwe kwa kitambaa chepesi wakati wa kupuliza, ikiwa imezimwa. Na weusi ukishaingia kwenye migusano ya swichi au rilei, spiriti haiutoi. Unahitaji kusugua kwa raba au dawa maalumu ya kusafishia migusano.

Kuhusu mashine yenyewe ya kupulizia, mambo mawili tu. Injini ya tu-stroki inakula petroli iliyochanganywa na oili: uwiano wa 1 kwa 25 ni mililita 40 za oili kwa lita, wa 1 kwa 50 ni mililita 20. Soma kitabu chake, maana "kifuniko kimoja cha chupa" si kipimo. La pili: unga mkavu ukipita kwenye bomba la plastiki huzalisha umemetuli (umeme wa msuguano), na unga wa salfa unashika moto. Mashine nzuri zina waya au cheni ndogo ya kuupeleka umeme huo ardhini. Ukikuta imekatwa, irudishe kabla hujaivaa mgongoni.

Turudi ofisini. Kompyuta ya mezani inayopiga milio mfululizo bila kuleta picha mara nyingi haihitaji kununuliwa nyingine. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, toa ramu (kile kibao cha kumbukumbu), safisha zile alama za dhahabu kwa raba nyeupe laini ya penseli, futa vumbi la raba, irudishe mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Raba ngumu ya kufutia wino usitumie, kwa sababu dhahabu ile ni nyembamba kuliko maikromita 1 na ikishaondoka hairudi. Kama ramu ni mbili, jaribu moja moja. Kazi hii ni ya dakika kumi, na kuna ofisi zimejaza stoo kompyuta ambazo hazikuhitaji zaidi ya hapo.

Ukutani kuna mchezo mwingine. Soketi zetu ni za tundu tatu za Kiingereza, chaja nyingi zinakuja na pini mbili za duara. Ili ziingie, mtu anachukua kalamu, anaichomeka tundu la juu kufungua vile vifuniko vya ndani, anasukuma plagi. Inaingia na inawaka. Lakini pini ya duara katika soketi iliyotengenezwa kwa pini bapa inagusa kwenye mstari mwembamba tu, na umeme ukibanwa pembamba huzalisha joto. Joto hulegeza soketi, kulegea huleta cheche, cheche huongeza joto. Ule uweusi unaouona kuzunguka tundu ndiyo hatua ya kati. Adapta ya pini tatu yenye fyuzi ndani ni bei ndogo kuliko soketi mpya na rangi ya ukuta.

Laptopu inayokuchezea vidole kwa umeme mdogo mdogo unapoigusa ganda la chuma nayo ina shida ya ethi, si jini. Chaja yake ina kapasita zinazovujisha umeme kidogo kwenda ethi, yaani ardhini, kwa makusudi, ili kuchuja kelele. Pasipo ethi, umeme huo unabaki kwenye ganda, na wewe ukiwa peku sakafuni unakuwa ndiyo ethi. Kwenye mchanga mkavu wa kwetu, fito ya ethi iliyopigwa karibu na ukuta bila kufika udongo wenye unyevu ni pambo tu. Fundi umeme apime kwa kifaa, asikisie.

UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika: nina maoni makali kidogo. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 (Ah) ina nishati ya wati-saa 84 (Wh) kwenye karatasi. Kompyuta ya wati 100 itaendeshwa dakika 20 hivi ikiwa mpya, basi. Imetengenezwa ikupe nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima, siyo ya kumalizia ripoti. Betri hizi hupimwa umri kwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri karibu nusu. Chini ya meza isiyo na hewa, miaka mitano inakuwa miwili na kitu. Printa ya leza isiunganishwe hapo: kila inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo inazidiwa. Na ile UPS ambayo betri ilishakufa zamani ikabaki kama eksitensheni ni bora itolewe, maana imekuwa migusano mingine minane isiyo na faida.

Haki isemwe: si kila kinachokataa kina kutu. Mwaka 2024 wanunuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, walianza kupewa tokeni ya tarakimu 60 badala ya 20, na wengi wakadhani mita zimeharibika au wameibiwa. Hapo ndipo ubongo wenyewe ulipokuwa na kikomo. Tokeni za mita za aina hiyo hubeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuandikia ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Gawanya upate miaka, utaangukia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri na mita ingekataa tokeni zote mpya. Mafungu mawili ya kwanza ya tarakimu 20 yalibadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo lililokuwa na uniti. Aliyeanza na la tatu alikataliwa, akaichukia mita bure.

Vivyo hivyo Mei 12 mwaka huo huo, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikafifia nchi nzima, na watu wakachukua pini kubonyeza kile kitundu cha riseti nyuma ya ruta. Kitundu kile hakiwashi upya, kinafuta mipangilio yote. Intaneti iliporudi, ruta zao hazikurudi. Kuwasha upya ni kuchomoa umeme, kuhesabu hadi thelathini, kuchomeka.

Kwenye magari maungio ni makubwa zaidi, na ubishi pia. Toyota IST inayozungusha stata kwa uvivu, taa zikififia na taa ya injini ikiwaka na kuzima, hubadilishiwa betri, kisha altaneta, kisha mtu anatajiwa kontroli boksi (kompyuta ya injini). Kabla ya yote hayo chukua mita ya kupimia volti, ya bei ya kawaida. Betri iliyopumzika usiku ikiwa na volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Halafu kipimo ambacho wengi hawakifanyi: waya mweusi wa mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri (si kwenye kibano), mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako azungushe funguo. Mita ikikaa chini ya 0.2, ethi ni nzima. Ikizidi 0.5, umeme unapotelea kwenye kutu, na hakuna betri mpya itakayoponya hilo.

Ukiwa na kile kifaa cha kusoma makosa kwa bluutuu, namba ya kosa P0562 maana yake volti za mfumo ziko chini, na U0100 ni mawasiliano na kompyuta ya injini kupotea. Zote mbili zinaweza kuletwa na bolti moja ya ethi iliyoota kutu. Gari za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi haziongei na vifaa hivyo kikamilifu, kwa hiyo ukimya wa kifaa si ushahidi wa uzima.

Kusafisha: fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho, ili spana ikigusa bodi ya gari isitoe cheche. Kijiko cha magadi kwenye glasi ya maji ya moto huua asidi iliyoganda kwenye vichwa. Usiache itiririke ndani ya betri. Suuza, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake vaselini kwa juu. Ukipaka kabla ya kukaza umeweka mafuta mahali pa mguso.

Anayependa kuendesha juu ya mchanga wa Msimbati ashushe upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 20 hivi, aujaze tena kabla ya lami, na aoshe uvungu kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo. Anayeagiza gari Japani aombe picha za uvungu pia: mikoa ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani, na hakuna sababu ya kulipia kutu ya baridi kisha kuiletea ya pwani.

Redio za gari hizo husikia FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zinafika 108. Kile kiboksi kinachofungwa nyuma ya redio hushusha masafa. Cha megahezi 12 hukuletea stesheni ya 100.0 kwenye 88.0. Ikikoroma, usilaumu mnara. Fundi ameongeza maungio mawili kwenye waya wa antena na moja la ethi, na kwa kawaida ethi ndiyo iliyofungwa kwenye skrubu yenye rangi. Na ile sauti ya dada wa Kijapani inayosema kila asubuhi kuhusu kadi hutoka kwenye kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za huko. Kwetu hakina kazi. Mara nyingi kimefichwa chini ya dashibodi upande wa usukani au ndani ya droo ya abiria. Zima gari, vuta plagi yake, kisha funga ncha iliyobaki kwa utepe wa umeme na uibane pembeni, isije ikaning'inia ikagusa chuma.